Aliyeimba Kwenye Albamu ya Saba

Cradley Heath
9 Januari 2022

Mpendwa Dada Beryl,

Naanza kwa kukujulia hali wewe na shemeji Den, nikitumaini kwamba upepo wa huko Stromness umewaachia paa. Sisi huku tuko salama kwa kiasi chetu. Jean ameanza kuogelea na amepungua. Mimi namsindikiza bwawani, nakaa mkahawani kumsubiri, na nimeongezeka kilo nne. Magoti yangu, baada ya miaka thelathini na tano ya kutandika mazulia ya watu, yanalia ninapopanda ngazi mpaka paka anakimbia.

Nimekupigia simu mara sita tangu Krismasi. Kila mara naambiwa namba haitumiki. Labda nimeanza kukosea namba, umri huo umefika.

Sasa jambo lenyewe. Bendi ya Netherforge wanatimiza miaka hamsini, na albamu zao zote kumi na nne zinatolewa upya ndani ya sanduku moja. Unajua wamemwomba nani aandike kijitabu cha ndani? Mdogo wako huyu! Miaka thelathini nimechapa jarida la mashabiki lenye wasomaji mia moja na kumi na wawili, tisa kati yao marehemu ambao wajane wao hawajaniambia niache kutuma, na hatimaye kuna mtu amegundua kipaji changu. Natakiwa nieleze kila albamu: ilirekodiwa wapi, lini, nani alipiga nini, nani aliimba. Kijitabu kinakwenda kiwandani tarehe 30 Mei.

Kumi na tatu nimezimaliza. Iliyonikwamisha ni ya saba, *Chuma Baridi*, ya mwaka 1981. Karatasi za studio zinasema sauti zilirekodiwa kule Wales tarehe 12, 13 na 14 Novemba. Lakini ninacho kipande cha gazeti la siku zile kinachosema mwimbaji wao, Lionel Bagley, alipasuliwa koo Birmingham tarehe 10, na daktari akamkataza kutoa sauti kwa wiki tatu. Dunia inamwita Lance Steele, lakini wewe uliyekaa nyuma yake kwenye basi la shule unajua ni Lionel tu. Basi mtu aliyekatazwa hata kunong'ona aliimbaje nyimbo tisa?

Shemeji alikuwa dereva na mbeba spika wao miaka yote ile. Muulize. Na samahani, kuna kitu kingine. Tarehe 13 ilikuwa sikukuu ya kuzaliwa ya Mama. Ulitwambia Den yuko kitandani na homa. Nakumbuka vizuri kwa sababu keki yake niliila mimi. Ilikuwa homa kweli, Dada?

Ndugu yako mnene,
Neville

*

Stromness
2 Februari 2022

Neville,

Nimepata barua yako. Paa lipo. Msalimu Jean, mwambie aogelee hata kwa niaba yako.

Hukukosea namba. Simu niliikata mwenyewe, nilichoka nayo.

Den hajambo. Ana shughuli zake. Mambo ya mwaka 1981 hayakumbuki, na sijui nani mwenye akili timamu anayeyakumbuka zaidi ya wewe. Kuhusu homa, nilisema homa kwa sababu alikwenda Wales na gari kuchukua spika, na Mama angekasirika kusikia amechagua spika badala yake. Hiyo ndiyo siri kubwa uliyoifukua.

Sasa mimi nikuulize. Miaka mitatu hujaandika zaidi ya kadi, kisha ghafla kurasa mbili, zote zinamhusu Den. Nani amekutuma?

Beryl

*

Cradley Heath
20 Februari 2022

Mpendwa Dada,

Salamu nyingi kutoka kwenye nyumba yenye madirisha yanayovuja. Dhoruba ya juzi imemwangushia jirani uzio, ukaja kulala kwenye bustani yetu, na sasa tunazungumza naye kwa mara ya kwanza tangu 2009. Si mtu mbaya. Anapenda muziki wa densi, lakini hatuwezi wote kujaliwa.

Nimesoma swali lako mara nyingi. Nani amekutuma? Dada, mimi natumwa na Jean kununua maziwa, na hata hilo hunirudisha dukani mara mbili. Hakuna mwingine anayenituma. Mtu asiye na la kuficha angeniuliza kwa nini nataka kujua. Wewe umeniuliza nani anataka kujua. Nikakaa na hilo, na kweli nikaanza kukushuku.

Kwa hiyo niliiandikia ofisi ya bendi, nikauliza kwa upole kabisa nani aliimba kwenye *Chuma Baridi*. Ujue hao ni watu ambao mwaka juzi niliwauliza rangi ya gitaa la besi, wakanijibu baada ya miezi mitano. Safari hii walijibu siku ileile. Mistari miwili. Wa kwanza: "Iachwe kama ilivyo: sauti, Lance Steele." Wa pili: "Je, umewasiliana na Bwana Tromans?"

Dada, jina la Den sikulitaja popote kwenye barua yangu.

Sasa nakaa mezani namshuku kila mtu. Namshuku Lionel, naishuku ofisi, namshuku shemeji yangu ambaye amewahi kunifundisha kuendesha gari na hakunipigia kelele hata nilipogonga mnara wa mashujaa. Na wewe. Kuna kitu kilitokea Wales na nyote mnakijua. Niambie tu. Nikiandika uongo kwenye kijitabu hiki, ndio utakaobaki pale milele, maana hakuna atakayeandika kingine.

Neville

*

Stromness
3 Aprili 2022

Neville,

Nimechelewa kwa sababu sikutaka kujibu. Wana-kondoo wameanza kuzaliwa kwa jirani, baridi bado ipo, afya yangu nzuri.

Kwa hiyo umeandika kwao. Asante sana.

Nakuambia hiki kimoja, kisha uniache. Oktoba nilipata barua ya ile ofisi, imepigwa mhuri. Wanasema Bwana Tromans amepiga simu kwao mara kumi na saba, anamtaka Lionel, na akiendelea watachukua hatua. Mara kumi na saba! Mimi nilikuwa dukani, au bustanini, au naoga. Ndipo nikaikata simu. Halafu Januari unaibuka wewe na maswali yako na salamu za paka. Ungefikiri nini mahali pangu? Nilifikiri wamekutumia wewe kuja kuona Den anasema nini na kwa nani. Bado nafikiri hivyo siku nyingine, hasa jioni nikichoka.

Usiniulize alikuwa anapiga simu kwa ajili gani. Sitaki jina la Den kwenye kijitabu chako, wala kwa wema wala kwa ubaya. Andika Lionel, upeleke kiwandani, ule keki yako.

Beryl

*

Cradley Heath
14 Aprili 2022

Dada Beryl mpendwa,

Hatujambo. Habari nyingine za nyumbani zitangoja, nisamehe.

Kuna jambo nimelifanya ambalo nikiwaambia wasomaji wangu mia moja na kumi na wawili, wale walio hai watajitoa na wale tisa watageuka makaburini.

Ninazo nakala kumi na moja za *Chuma Baridi*. Usicheke. Kumi ni za matoleo ya baadaye. Ya kumi na moja ni ya toleo la kwanza kabisa, wiki ya kwanza, na bado imo ndani ya nailoni yake ya dukani. Haijafunguliwa tangu 1982. Watu kama mimi hatufungui vitu kama hivyo. Nailoni ikichanika, santuri inakuwa kama mayai yaliyovunjwa, huwezi kuirudishia ganda. Kwa miaka arobaini nimeitunza kabatini bila kuisikiliza, na Jean ameniuliza kila mwaka, "Sasa ni ya nini?" na kila mwaka nimemwambia haelewi.

Unajua kuna fundi anayekata santuri ya kwanza, ile ambayo nyingine zote hunakiliwa kwayo. Wengi wao wana tabia ya kukwaruza maneno kwa sindano pale karibu na karatasi ya katikati, mahali pasipo na muziki. Mzaha, jina la mpenzi, tusi kwa mwenye kampuni. Santuri zangu zote kumi zina namba tu pale. Jana niliwaza: je, ya kwanza? Maana toleo la pili lilikatwa upya haraka mno, baada ya siku tisa, na hakuna aliyewahi kueleza kwa nini.

Nikachukua kisu changu cha mazulia. Jean alikuwa amesimama mlangoni.

"Neville, unatokwa na jasho."

"Niache."

"Ni plastiki, mume wangu. Si figo ya mtu."

Nikachana. Nikaitoa santuri, nikaiinamisha dirishani. Upande wa pili, kwa mwandiko mdogo wa haraka, imeandikwa: ASANTE DEN T. KWA KOO LA KUAZIMA.

Niliicheza mara tatu. Dada, nyimbo hizi nimezisikia maisha yangu yote na sikuwahi kumsikia. Ni yeye. Ni sauti ileile iliyokuwa ikiimba kwenye gari akinifundisha kubadilisha gia.

Nisamehe nilivyokushuku. Lakini niambie ukweli: ulijua?

Neville

*

Stromness
29 Aprili 2022

Mdogo wangu,

Natumaini Jean hajambo na magoti yako pia. Nimeianza barua hii mara nne.

Sikujua.

Den anaumwa, Neville. Ugonjwa wa kusahau. Mwaka wa pili sasa. Sikuwaambia kwa sababu mngekuja, mngemtazama kwa macho yale, naye angeona. Mara tatu kwa wiki anakwenda kituo cha wazee. Wana redio pale, na wimbo wa Netherforge ukipigwa, ule wa *Chuma Baridi*, alikuwa anasimama na kusema, "Huyo ni mimi." Kila mara. Wenzake wakaanza kumtania. Mzee Isbister alikuwa anamwambia, "Kaa chini, Lance Steele, uji unapoa." Wauguzi wanatabasamu. Mmoja akaniambia kwa huruma kwamba ni kawaida, wagonjwa hujibandika maisha ya watu wengine.

Kisha zile simu. Alikuwa anaiambia ofisi anataka ruhusa. Ruhusa ya nini, hakuna aliyemuuliza, mimi wa kwanza. Ilipofika ile barua yenye mhuri, Neville, nilimshika mabega, mtu niliyeolewa naye miaka arobaini na sita, nikamwambia, "Nyamaza, Den! Si wewe! Hukuwahi kuwa wewe! Unanitia aibu."

Akanyamaza. Tangu siku ile hajaimba. Wewe unamjua huyu mtu, alikuwa anaimba akifunga viatu. Ndiye aliyejaribu maikrofoni ya Lionel kila onyesho, jioni zote zile, ukumbi mtupu, anaimba wimbo mzima mzima kwa viti. Bila shaka alizijua nyimbo zote. Nilikuwa nimesahau hilo. Mimi, si yeye.

Barua yako ilipokuja nilikaa naye mezani. Nikamwambia, "Den, Neville ameona. Ni wewe uliyeimba." Nilidhani atalia, au atafurahi. Akanitazama kama ananipima, macho yake safi kabisa, akasema, "Hapana. Lionel ndiye aliyeimba. Nilimpa mkono."

Nikasema, "Lakini ulikuwa unasema ni wewe."

"Nilikosea kusema. Mtu ukishampa mkono umempa."

Hivyo ndivyo ilivyo. Neno lake limebaki wakati majina ya wajukuu yametoka. Alikuwa anamtafuta Lionel amfungulie neno lake, na mimi nikamkatia simu. Wakati mwingine anakaa amefunga mdomo kwa mkono, hivi, kama mtoto anayezuia kitu kisitoke.

Usiandike, Neville. Hajaruhusu. Na sitamwibia hilo pia.

Dada yako,
Beryl

*

Cradley Heath
8 Mei 2022

Dada yangu,

Jean analia tangu juzi na anakusalimu. Tutakuja Julai, na tutaacha macho yale nyumbani, nakuahidi.

Nakiri kosa kabla hujalisikia kwingine. Nimemwandikia Lionel. Si ofisini. Nyumbani kwake, kwa mkono, na kwenye bahasha nimeandika Lionel Bagley, jina ambalo sidhani ameliona kwenye bahasha miaka hamsini. Nilimweleza kilichoandikwa kwenye santuri, nikamnakilia maneno ya Den juu ya kupeana mkono, na anwani yenu chini yake. Sikumwomba chochote. Nilijaribu kuandika ombi, likawa linasomeka kama tishio, nikalifuta.

Hajajibu. Zimebaki siku ishirini na mbili. Sijui kama mtu yule anajibu barua au anawapa mawakili. Bado namshuku, na ukitaka kunikasirikia una haki zote.

Sehemu ya albamu ya saba, mahali pa mwimbaji, nimeacha wazi.

Neville

*

Stromness
24 Mei 2022

Neville,

Nilikukasirikia kwa siku tisa. Baada ya hapo sikuwa na nafasi.

Jumapili mchana mtu alibisha mlango. Mzee mmoja, koti refu, uso wa kijani kwa kichefuchefu cha feri, mkononi ameshika keki ya dukani. Sikumtambua. Akasema, "Beryl, ulikuwa unanivuta nywele kwenye basi."

Nikamwacha asimame kizingitini muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu. Nikamuuliza juu ya ile barua yenye mhuri. Anasema hakuiona, anasema ofisi hufanya mambo bila kumwambia. Sijui kama namwamini. Lakini alikuja peke yake, na alikuwa ametapika kwenye koti la bei mbaya, nikamfungulia.

Akanisimulia jikoni, huku sauti inamkwaruza. Kampuni ilikuwa imewapa siku tatu za studio, na albamu isipokuwa tayari kabla ya Krismasi bendi ingeachwa. Lionel alikuwa hospitali anaandika kwenye ubao. Akamwandikia Den, "Imba wewe. Usimwambie mtu. Hata Beryl." Den akampa mkono. Fundi wa kukata santuri hakuweza kujizuia, akakwaruza yale maneno, na Lionel alipoyaona akaamuru ikatwe upya. Anasema alitaka kusema ukweli mwaka uliofuata, kisha uliofuata, halafu albamu ikawa ndiyo wanayoipenda kuliko zote, na kila mwaka ilizidi kuwa vigumu.

Den alikuwa sebuleni. Tukaingia. Lionel akapiga magoti mbele ya kiti, na magoti yake si mazuri kuliko yako.

"Den, mzee wangu. Ni Lionel. Nakufungulia neno lako. Waambie watu wote."

Den akamtazama juu mpaka chini. Koti, meno, nywele za kupaka.

"Wewe si Lionel," akasema. "Lionel ni kijana mwembamba."

"Nimenenepa, bwana."

"Wamekutuma," akasema Den. Akanigeukia. "Huyu wamemtuma, Beryl. Wanataka niseme." Akaufunika mdomo kwa mkono.

Lionel akaanza kulia. Nilikuwa karibu kumtoa nje, kwa faida ya wote wawili. Ndipo Den akauondoa ule mkono, kidogo tu, akasema, "Kama wewe ni Lionel, imba. Ubeti wa pili."

Na yule mzee, pale kwenye zulia, akaimba. Neville, ilikuwa mbaya. Kile kipande cha juu kabisa, kabla ya gitaa kuingia, alikiendea kama mtu anayepanda ukuta, akafika katikati, sauti ikavunjika, akaanguka upande wa pili akikohoa.

Den akacheka. Sijasikia kicheko hicho tangu mwaka jana. Akacheka mpaka akashika mbavu.

"Ndiye!" akaniambia. "Ndiye kabisa! Hata alipokuwa mzima hakuwahi kukifikia hicho. Kila jioni nakijaribu mimi, kila jioni anakikwepa yeye." Akampiga Lionel begani. "Inuka, mjinga wewe. Unaniruhusu kweli?"

"Nakuruhusu."

"Tupeane mkono."

Wakapeana. Kisha Den akasimama mwenyewe, bila mimi kumshika, akafunga kifungo cha juu cha shati, akaimba. Akakifikia. Si kama zamani, kwa wembamba sana, lakini alifika juu na akakaa pale. Aliimba wimbo mzima, na ulipokwisha akauanza tena, maana alikuwa amesahau kwamba ameuimba. Hatukumzuia. Jana nimempeleka kituoni, na Lionel akatufuata na lile koti, na Mzee Isbister akasimama kumpisha Den kiti.

Leo asubuhi Lionel amepanda feri. Den ananiuliza yule bwana mnene alikuwa nani. Nikimwambia anasema, "Aa," kwa heshima, kama jina la mtu wa mtaa mwingine. Lakini anaimba. Anaimba sasa hivi ninavyoandika, anaosha vikombe.

Una siku sita. Pale ulipoacha wazi, andika Dennis Tromans, kwa herufi zilezile za wengine, wala usiweke maelezo. Asiyemjua atamsikia.

Beryl